Wosia Morogoro: kutoka shamba la ukoo hadi kiwanja cha Msamvu

Waluguru, wenyeji wa milima ya Morogoro, huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na utaratibu huo ndio uliokuwa ukiamua urithi mlimani. Shamba lilikuwa mali ya ukoo. Mkulima alikuwa na haki ya kulitumia tu. Alipofariki, lilibaki kwa ndugu wa upande wa mama, wakiwemo wapwa zake. Baba aliyetaka wanawe wapate kitu aliwapa angali hai. Wosia uliachwa hadi ugonjwa wa mwisho, tena kwa mdomo, mbele ya wazee. Kuusema mapema kulionekana ni uchuro.

Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907, na mji ukakua. Nyumba na viwanja vya kununua havikuwa vya ukoo, hivyo wajomba na watoto wa marehemu waliweza kuvigombea. Waislamu walikuwa na sheria yao: mafungu ya warithi yamepangwa, na wosia hauvuki theluthi moja ya mali baada ya madeni kulipwa.

Mwaka 1963 serikali ilitangaza kanuni za mila kuhusu urithi na wosia, zilizotungwa kwa kufuata jamii za ukoo wa baba. Wosia wa mdomo ulihitaji mashahidi wasiopungua wanne, wawili wakiwa wa ukoo. Wosia wa maandishi ulihitaji mashahidi wawili kwa anayejua kusoma na kuandika, na wanne kwa asiyejua. Kwa hiyo hata neno la mgonjwa lilihitaji watu wa kukusanywa, na muda wa kuwakusanya.

Msamvu, mjini Morogoro, zinapoachana barabara za Dodoma na Iringa, ilionyesha kuwa muda huo haupatikani siku zote. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka hapo na kulipuka watu wakichota petroli. Zaidi ya 100 walifariki, wakiwemo waendesha bodaboda.

Sheria haimtaki mtu asubiri uzee wala ugonjwa. Mtu mzima mwenye akili timamu anaweza kuandika wosia wakati wowote, kuuhifadhi kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA), na kuubadilisha akiwa hai. Wakati unaofaa ni pale anapopata mali ya kugombewa au watu wanaomtegemea: anapooa au kuolewa, anapopata mtoto, anaponunua kiwanja.