Mwaka Unaosubiri Jina

Tarehe 7 Januari 1989, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Mfalme Hirohito wa Japani alifariki dunia jijini Tokyo. Saa nane na nusu mchana wa siku hiyohiyo, Katibu Mkuu wa Baraza la Mawaziri, Keizo Obuchi, aliinua mbele ya kamera ubao mweupe wenye herufi mbili za wino: Heisei. Usiku wa manane enzi ya Hirohito, iliyoitwa Showa, ilikwisha. Benki, kampuni za bima na ofisi za kodi zilibaki na saa tisa na nusu za kuzifundisha kompyuta zao jina jipya la mwaka. Afadhali ilikuwa Jumamosi.

Wajapani walianza kuipa miaka majina ya enzi mwaka 645. Kwa karne nyingi jina liliweza kubadilishwa hata katikati ya utawala: tetemeko la ardhi, moto mkubwa, au dalili njema iliyoonekana angani. Mwaka 1868 serikali ya Meiji ikaamua kwamba mfalme mmoja atakuwa na jina moja. Miaka mitano baadaye Japani ilipokea kalenda ya Gregori, lakini kwa siku na miezi tu. Hesabu ya mwaka iliendelea kumfuata mfalme. Sheria ya 1979 ikakabidhi uchaguzi wa jina kwa baraza la mawaziri.

Kwa mtengeneza programu, hesabu yenyewe si ngumu. Mwaka wa Showa uongezewe 1925, wa Heisei 1988. Vituko viko kwenye mipaka. Showa ilianza tarehe 25 Desemba 1926, kwa hiyo mwaka wake wa kwanza ulidumu siku saba tu, na mwaka wake wa 64 nao ukadumu siku saba. Mwaka 1989 una majina mawili. Isitoshe, mwaka wa kwanza wa enzi kwa desturi hauandikwi kwa tarakimu bali kwa neno, "gannen", na programu inayotarajia namba hapo hukwama.

Ugumu halisi ni wakati ujao. Msomaji wa pwani anayesubiri mwezi uandame ndipo ajue Idi ni lini atalielewa jambo hili upesi: kuna tarehe ambazo hazipatikani kwa kukokotoa, mpaka mwenye mamlaka atamke. Hata hivyo programu nyingi ziliandikwa kana kwamba orodha ya enzi imeshafungwa. Fomu za Japani zilikuwa na herufi M, T, S na H za kuzungushia duara, kwa enzi nne za tangu 1868, na leseni za udereva zilichapishwa zikiwa na ukomo wa Heisei 33, mwaka ambao haukuja kamwe.

Ilipotangazwa kwamba Mfalme Akihito, wa enzi ya Heisei, angeng'atuka tarehe 30 Aprili 2019, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa takriban miaka 200, wahandisi walipata kitu ambacho wenzao wa 1989 hawakuwa nacho: muda. Lakini hawakuwa na jina. Katika Unicode, mfumo unaoipa kila herufi ya dunia namba yake, enzi hizo nne zina alama zinazobana herufi mbili ndani ya mraba mmoja, nazo zimekaa bega kwa bega kuanzia U+337B hadi U+337E. Upande mmoja jirani yao ni kifupi cha kipimo cha dawa, upande wa pili kifupi cha "kampuni ya hisa". Pa kusogea hapakuwepo. Mwaka 2018 ikatengwa nafasi U+32FF, mbali kidogo, kwa herufi ambayo hakuna aliyejua itafananaje. Toleo la 12 la lugha ya Java, la Machi 2019, lilitoka na jina la muda, "NewEra".

Wahafidhina walitaka jina litangazwe na mfalme mpya akishakalia kiti, ili alitie saini mwenyewe. Serikali ikakataa, na hoja yake kubwa ilikuwa kompyuta. Tarehe 1 Aprili, Katibu Mkuu wa Baraza la Mawaziri wa wakati huo, Yoshihide Suga, aliinua ubao wenye jina Reiwa, na amri ikatiwa saini na mfalme anayeondoka. Katika mabadiliko yote ya desturi hii tangu 1868, hili pengine ndilo kubwa kuliko linavyosemwa: ratiba ya kutangaza jina la enzi ilipangwa kwa kuwahurumia mafundi wa mitambo. Unicode 12.1 ilitolewa tarehe 7 Mei 2019 kwa ajili ya alama hiyo moja tu, herufi ya 137,929.

Wako waliokwepa usumbufu huo tangu 1989. Mifumo kadhaa ya zamani iliendelea kuhesabu kwa Showa ndani kwa ndani, ikigeuza jina pale tu inapochapisha. Nafasi iliyowekwa kwa mwaka ilikuwa ya tarakimu mbili, na mwaka 2025 ni Showa 100.