Katambuga: Habari za Kiatu cha Nchi Yetu

Wasomaji wengi wamekivaa kiatu hiki, au wamewaona baba zao wakikivaa, wala hawakuuliza jina lake lilitoka wapi. Katambuga ni neno linalojieleza lenyewe: ni kiatu cha kukatia mbuga. Hakikuitwa kwa jina la fundi wala la mji, bali kwa kazi yake. Twapenda kueleza habari zake mwezi huu, maana hapa Bariadi tumewaona vijana wakikificha nyuma ya mlango siku ya ibada, na wazazi wakitoa fedha ya pamba kununua viatu ving'aavyo ambavyo havivuki masika moja.

Kwanza tuitazame nchi yenyewe. Mtu akishuka kutoka kilimani hata bondeni katika Usukuma, hukanyaga udongo wa namna nyingi kabla hajafika mtoni. Juu hukuta isanga, yaani mchanga. Akiteremka hukuta itogolo, ardhi ngumu kama sakafu. Chini kabisa huingia mbugani, penye udongo mweusi wa mfinyanzi. Wazee wetu waliyajua hayo zamani sana. Naye Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo wa kituo cha Amani, alipowaandikia wataalamu wenzake mwaka 1935 juu ya udongo wa Afrika Mashariki, alieleza jambo hilo hilo, ya kuwa udongo hufuatana kwa utaratibu toka kilimani hata bondeni.

Sasa, udongo wa mbuga wakati wa masika hunata hata mguu ukawa mzito kana kwamba umefungiwa jiwe. Wakati wa kiangazi hupasuka nyufa za kuteguza kifundo cha mguu. Na kote kote imo miiba ya migunga. Kiatu cha nchi hii hakina mwezi wa kupumzika.

Hapo kale kiatu kilitoka zizini. Watu walikata makubazi katika ngozi ya ng'ombe, wakayatia gidamu za ngozi hiyo hiyo. Katika karne ya 19 Wasukuma na ndugu zao Wanyamwezi walichukua pembe za ndovu hata pwani, kila mpagazi na mzigo wake wa frasila mbili hivi, yaani karibu kilo 32. Wengine walikwenda miguu mitupu, wengine kwa makubazi. Walakini ngozi mbichi ina tabia mbili mbaya: ikilowa hulegea, ikikauka hukakamaa na kuuchuna mguu. Ilifaa kiangazi, nayo mbuga ya masika iliishinda.

Dawa ya udhaifu huo ilitoka mbali, tena haikukusudiwa miguu yetu. Mwaka 1839 Charles Goodyear wa Marekani aligundua ya kuwa utomvu wa mpira ukichanganywa na kiberiti na kupashwa moto hauyeyuki tena juani wala haukakamai kwa baridi. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop alitengeneza gurudumu la mpira lenye upepo ndani, kwanza kwa baiskeli, na baadaye motokaa zikafuata. Tena mpira peke yake hautoshi kufanya tairi. Ndani hutiwa matabaka ya nyuzi ili lisipasuke. Nyuzi hizo zamani zilikuwa za pamba, ndipo baadaye zikaja za reyoni na nailoni. Hivyo katika tairi la kale mlikuwa na zao lile lile alilolima mtu wa Bariadi.

Wakulima wa pamba wa kanda ya ziwa walijenga vyama vyao, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana chini ya uongozi wa Paul Bomani. Pamba ilipelekwa kwenye jineri kwa malori, na malori yakaacha matairi yaliyokwisha. Yalikwisha kwa lori, si kwa mtu! Tairi lililochukua tani nyingi katika njia ya mawe laona nini likimchukua mtu mmoja?

Na mtazame fundi gulioni. Humwambia mteja akanyage kipande cha tairi, akamchorea wayo wake. Hulowesha kisu maji ili kipite katika mpira bila kunata, akakata, akatoboa pembeni, akapitisha kanda na kuzipigilia misumari. Huchagua tairi lenye nyuzi tupu, wala hapendi lenye waya za chuma, kwa maana waya zikichomoza humchoma mvaaji. Kisha mteja huvaa pale pale; ukanda ukibana hulegezwa, ukilegea hukazwa. Mwenye kidole kipana hukatiwa pana.

Hapo ndipo ilipo siri ya pili, nayo yatupasa kuiangalia zaidi kuliko ya kwanza. Kiatu kidumu kisichomtosha mtu ni adhabu idumuyo. Mwaka 1905 daktari Phil Hoffmann wa Marekani aliandika habari za miguu ya watu wa Ufilipino na wa Afrika ya kati waliokuwa hawavai viatu. Aliona vidole vyao vimenyooka na kutandaa, ilhali vya wavaa viatu vimesongamana kwa kufuata umbo la kiatu. Naye Abebe Bikila wa Ethiopia, alipofika Roma mwaka 1960 kwa mbio ndefu za Olimpiki, alipewa viatu visivyomkaa vizuri. Akaviacha, akakimbia miguu mitupu kama alivyozoea katika mazoezi, akashinda. Mwaka 1964 huko Tokyo alivaa viatu, akashinda tena. Basi asiseme mtu ya kuwa Bikila alivikataa viatu. Alikataa kiatu kisichokuwa chake.

Wala kutoa kiatu katika kazi ya matairi si jambo la maskini tu. Mwaka 1935 Vitale Bramani wa Italia alipoteza wenzake sita katika milima ya Alps, akaona viatu vyao havikufaa mahali pale. Mwaka 1937 alitoa soli ya mpira yenye meno, kwa msaada wa Pirelli, watengenezaji wa matairi. Soli za namna hiyo ndizo zivaliwazo leo na wapanda milima wa nchi nyingi.

Hatusemi katambuga haina kasoro. Ni nzito, na katika matope mguu huteleza juu yake, wala haishiki kisigino. Atakaye kukimbia hana budi kuongeza ukanda nyuma. Lakini tumeona mtoto akifika shuleni amechechemea kwa kiatu kipya kilichonunuliwa bila kupimwa, kucha imekuwa nyeusi, hata akakivua akarudi kwao miguu mitupu. Na miguu mitupu ina hatari yake: minyoo ya safura huingia kwa ngozi ya nyayo, na funza hungoja vumbini. Mtoto huyo alikuwa na katambuga nyumbani. Aliona haya.

Enyi wazazi, kabla hamjatoa fedha, mpimeni mtoto mguu, tena jioni baada ya mwendo, akiwa amesimama. Soli ikunjeni kwa mikono. Ulizeni kama kiatu hicho kitavuka mbuga ya kwenu, msiulize kama kitang'aa kanisani. Twasoma ya kuwa Wagibeoni walipotaka kumdanganya Yoshua walivaa viatu vikuukuu vyenye viraka, wakaaminiwa kuwa wametoka mbali. Uongo ulikuwa wao. Viatu vikuukuu kwa kawaida husema kweli. Katambuga iliyolika kisigino, ikiwekwa mlangoni pa kanisa, yashuhudia ya kuwa mwenyewe alitembea hata akafika.