Nyumba ya Udongo ya Miaka 500

Kwetu mtu akijenga kwa miti na udongo, watu wanasema: huyu hajapata bado. Siku akipata, anabomoa, anaweka matofali. Leo nataka tuongee juu ya matajiri wa Uingereza waliojenga kwa miti na udongo, na nyumba yao ingali inasimama.

Inaitwa Little Moreton Hall, iko Cheshire, karibu na mji wa Congleton. Jamaa ya Moreton walikuwa na mashamba mingi. Walianza kuijenga mwanzoni mwa miaka ya 1500, kila kizazi kikaongeza upande wake, mpaka karibu 1610. Inazungukwa na handaki la maji.

Sasa muangalie kazi yenyewe. Chini kuna msingi wa mawe, ili mti usikanyage unyevu. Juu ya mawe kuna mifupa ya mbao za mwaloni. Haikushikwa na misumari: ulimi wa mbao moja unaingia katika tundu la ingine, halafu wanapiga kigingi cha mti. Nafasi za katikati wakaziba na fito na udongo, wakapaka chokaa. Fito na udongo! Si ni ile kazi mama zetu wanaijua?

Mwaka 1559 seremala Richard Dale aliandika jina lake juu ya madirisha aliyoyatengeneza, karibu na jina la bwana wake William Moreton. Mimi ninamheshimu huyo bwana: alikubali fundi ajulikane.

Lakini tajiri hatosheki. Baadaye wakapandisha huko juu ukumbi mrefu, karibu mita 21, na paa la mawe mazito. Uzito ule ukakandamiza vyumba vya chini. Mpaka leo sakafu zimepinda, na ukiitazama kwa inje unaweza kusema nyumba imelewa.

Vita ya miaka ya 1640 ikaja. Moreton walikuwa upande wa mfalme, na watu wa Bunge wakaichukua nyumba. Jamaa ikaishiwa, nyumba ikapangishwa kwa wakulima. Nafikiri umaskini ndio uliiponya, maana hakuna aliyekuwa na pesa ya kuibomoa ajenge ya kisasa. Tangu 1938 iko mikononi mwa National Trust, na vyuma vimefichwa ndani kusaidia ule ukumbi.

Mimi nilisoma agronomia, udongo ninaujua kidogo. Udongo hauna kosa. Kinachoua nyumba zetu ni mguu wa nguzo kukaa ndani ya matope, na paa fupi linaloachia mvua ukuta. Mwezi jana baba alitaka kubomoa nyumba ya koko, huko Lubero. Nikamuomba tuchimbe kwanza. Nguzo zilikuwa zimeoza kwa chini tu, urefu wa kiganja. Juu zilikuwa nzima kabisa. Alinyamaza kidogo, halafu akauliza: «Mawe tutayatoa wapi?»