VITABU KATIKA MASOMO YA MISIONI: MBEGU ILIYOPANDWA KATIKA NCHI YA SHABA



Katika mwaka huu wa Yubile wengine wamekwisha kuandika juu ya mapadri waliotutangulia na juu ya ujenzi wa kanisa letu. Mimi nimeombwa kuandika juu ya masomo, nami nimechagua jambo moja tu lililomo ndani yake, yaani kusoma vitabu, na namna mtu aliyeonjeshwa kitabu kalasini anavyobaki na njaa yake hata uzeeni.

Wabenediktini wa abasia ya Mtakatifu Andrea, karibu na mji wa Brugge katika Ubelgiji, walifika Katanga mwaka 1910, mwaka uleule Roma ilipounda Prefektura ya Kitume ya Katanga na kuiweka mikononi mwa Jean-Félix de Hemptinne. Upande wa magharibi, nchi ya Lulua, walikuja Wafransisko katika miaka ya 1920. Hao Wabenediktini walileta desturi ambayo wengi wetu hatuifikiri. Sheria ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa katika karne ya 6, inampangia mtawa saa za kusoma kila siku kama inavyompangia saa za kazi. Wakati wa chakula mmoja husoma kwa sauti, wengine wanakula kimya. Mwanzo wa Kwaresima kila mtawa hupewa kitabu kimoja, akisome toka mwanzo hadi mwisho bila kuruka. Na wazee mmoja au wawili huzunguka kutazama kama kuna ndugu anayepiga domo badala ya kusoma. Watu wenye desturi hiyo ndio waliopewa kufundisha watoto wa nchi hii.

Lakini historia isemwe yote. Union Minière ilipoona, katika miaka ya 1920, kwamba ni hasara kuleta wafanyakazi wapya kila mara kutoka mbali, ilianza kuwajengea nyumba pamoja na wake zao, na watoto waliozaliwa kambini wakahesabiwa kuwa wafanyakazi wa kesho. Masomo ya kambi yalikabidhiwa kwa mapadri na masista. Mji wetu wa Kolwezi ulipoanza mwaka 1937, ulianza na mpango huo. Mtoto alifundishwa kusoma kwa Kiswahili, kuhesabu, sala, usafi na utii, na kwa walio wengi njia iliishia hapo. Kampuni ilitaka fundi anayeweza kusoma alama ya hatari, si mtu wa kukaa na kitabu usiku. Askofu de Hemptinne mwenyewe, aliyefariki mwaka 1958, hakuwa mtu wa kuharakisha maendeleo ya Waafrika. Hilo linajulikana, na Yubile si sababu ya kulificha.

Kumbe herufi hazina mlinzi. Aliyefundishwa kusoma Katekisimu anaweza kusoma na kitu kingine. Mwaka 1957 kampuni ilianza kutoa gazeti lake, Mwana Shaba, kwa wafanyakazi wake. Mwaka 1965, kule Lubumbashi, waliokuwa maboyi katika nyumba za Wazungu waliandikisha historia ya mji kwa Kiswahili chao wenyewe, kile cha kusemwa mitaani. Jina lililo juu ya kazi hiyo ni André Yav, nayo yaitwa Vocabulaire de Ville de Elisabethville. Hakuna profesa aliyewatuma. Maprofesa walikuja nyuma: Johannes Fabian aliitoa pamoja na tafsiri mwaka 1990. Wasomi wengine hucheka tahajia yake. Mimi ningependa kila parokia iwe na kitabu cha namna hiyo.

Walioruhusiwa kwenda mbali zaidi ni wale wachache wa seminari ndogo. Mfano ulio karibu nasi kabisa ni Valentin-Yves Mudimbe, aliyezaliwa Jadotville, yaani Likasi ya leo, mwaka 1941. Alichukuliwa angali mtoto, akasoma seminari ya Kakanda, katika jimbo letu la leo la Lualaba, kisha Mwera: Kilatini, Kigiriki, Kifaransa, ratiba ya kengele na kimya. Aliingia utawa wa Wabenediktini kule Gihindamuyaga, Rwanda, akautoka akiwa kijana bado, akaenda chuo kikuu. Riwaya yake Entre les eaux, juu ya padri anayejiunga na waasi, ilitoka mwaka 1973 na mwaka 1975 ikapata tuzo kuu ya Kikatoliki ya fasihi. Mwaka 1988 akiwa Marekani alitoa The Invention of Africa, ambamo aliyapima maneno ya wamisionari na ya wataalamu wa Ulaya juu ya Mwafrika, akayakuta yamepungua. Alifariki mwezi wa Aprili 2025.

Wazee wengine huona hapo utovu wa shukrani: walimpa vitabu, naye akawahukumu kwa vitabu. Sioni hivyo. Kwaresima ile ya kusoma kitabu hadi ukurasa wa mwisho ndiyo iliyomfundisha asiridhike na nusu ya jambo, na mwalimu mwema hawezi kulalamika akisomwa naye vilevile.

Baadaye mambo yalibadilika upesi. Mwisho wa mwaka 1974 Leta ilitwaa masomo ya misioni, ikayarudisha kwa mkataba wa Februari 1977. Mwezi wa Mei 1978 vita viliingia Kolwezi. Kisha Gécamines ikaanguka, na masomo yake pamoja nayo. Sisi tulioingia seminari ndogo katika miaka ya 1990 tuligawana kitabu kimoja watu wanne, na msomaji wa mezani alisoma kitabu kilichokosa jalada na kurasa za mwisho. Tuliumaliza wenyewe kwa kubuni, kila meza na mwisho wake. Katika wale wanne wa kitabu changu hakuna aliyepata upadri, lakini wote wanasoma hata leo.

Tangu mwaka 2019 Leta imetangaza kwamba masomo ya msingi hayalipiwi, na kalasi zikajaa. Vitabu havikujaa. Mtoto ananakili ubaoni, anakariri, anapita. Kila Jumamosi katika mafundisho ya Komunyo ya kwanza napata watoto wa kalasi ya nne wanaoijua Baba Yetu yote kwa moyo lakini wakionyeshwa mstari wake kwenye karatasi hawaoni kitu. Na baadhi yao, wakikosa Jumamosi moja, najua wako kwenye mashimo wakiosha mawe ya kobalti. Katika ofisi ya parokia lingali kabati la vitabu vya mapadri wa zamani, sehemu kwa Kifaransa, sehemu kwa Kiswahili. Mchwa wamekula rafu ya chini. Tumelifungua, na sasa mafundisho yakiisha tunabaki nusu saa: mmoja anasoma kwa sauti, wengine wanasikiliza.