Handaki la Mjerumani: Lugha, Ardhi na Kumbukumbu ya Vita katika Wilaya za Ngara na Biharamulo

Utangulizi

Katika sehemu nyingi za Tanzania zilizopitiwa na utawala wa Wajerumani, husimuliwa habari za njia zilizochimbwa chini ya ardhi, mashimo yaliyofunikwa kwa mawe, na mali iliyofichwa na askari waliokuwa wakikimbia. Shimo lisilojulikana mchimbaji wake huitwa kwa jina moja tu: handaki la Mjerumani. Wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, ni mahali pazuri pa kulichunguza jina hilo. Majeshi yalipita huko mwaka 1916, mpaka wa makoloni ukahamishwa baada ya vita, na miaka zaidi ya sitini baadaye mkoa huohuo ukawa uwanja wa vita vya Tanzania na Uganda.

Mhadhara huu unachunguza istilahi hiyo ya wananchi kwa kuyapima maneno yake mawili, "handaki" na "Mjerumani", kwa mizani ya historia na ya ardhi yenyewe. Hoja inayotetewa ni kwamba kila moja kati ya maneno hayo limebeba zaidi ya kipindi kimoja cha historia. Mtafiti asiyeyatenganisha ataishia kutafuta chuma na saruji mahali ambapo kilichofichika hasa ni habari za watu.

Neno "handaki"

"Handaki" limetokana na Kiarabu *khandaq*, ambalo nalo lina asili ya Kiajemi yenye maana ya kitu kilichochimbwa. Waislamu wanalifahamu kutokana na Vita vya Handaki vya mwaka 627, pale watu wa Madina walipochimba mfereji kuuzuia upande wa mji uliokuwa wazi kwa adui. Maana ya awali, basi, ni mfereji ulio wazi juu, uliochimbwa kwa ajili ya ulinzi.

Katika Kiswahili cha leo maana hiyo imepanuka. Handaki ni shimo la askari la kujikinga na risasi. Ni shimo la raia la kujificha ndege za vita zinapopita. Na ni njia inayopenya chini ya mlima, kama yale yaliyochimbwa kwa ajili ya reli. Vitu hivi vitatu havifanani kwa umbo wala kwa gharama. Askari mmoja mwenye sepetu anaweza kuchimba la kwanza kwa usiku mmoja. La tatu linahitaji wahandisi, baruti na miaka. Msimulizi anaposema "hapa pana handaki", huenda anakusudia la kwanza. Msikilizaji, hasa kijana wa leo, huelewa la tatu. Hivyo njia ya chini ya ardhi yenye urefu wa maili kadhaa yaweza kuzaliwa katika masikio ya msikilizaji bila msimulizi kusema uongo wowote.

Jambo hili huwa gumu zaidi kwa sababu wazee wa Ngara na Biharamulo hawakupokea kumbukumbu zao kwa Kiswahili. Walizipokea kwa Kihangaza, Kishubi, Kisubi au Kizinza. Mtafiti anayeuliza moja kwa moja, "Handaki liko wapi?", amekwisha kumtilia msimulizi neno mdomoni. Njia iliyo bora ni kumwomba mzee asimulie kwa lugha yake, na tafsiri ije baadaye.

Neno "Mjerumani"

Katika masimulizi ya Kiswahili, "Mjerumani" si jina la mtu tu, bali pia ni jina la zama. Husemwa "wakati wa Mjerumani" na "wakati wa Mwingereza", kana kwamba mmoja alitoka mlangoni na mwingine akaingia papo hapo. Kwa Ngara na Biharamulo mpangilio huo una pengo la miaka mitano, kwa maana katikati yao alikuwapo Mbelgiji.

Kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza, Biharamulo ilikuwa kituo cha utawala wa Kijerumani katika nchi iliyojulikana kama Usui, ambayo John Hanning Speke aliipitia mwaka 1861 alipokuwa akielekea Buganda. Boma lililojengwa huko mwanzoni mwa karne ya 20 ndilo alama kubwa ya zama hizo katika wilaya hiyo. Upande wa Ngara, nchi ya Bugufi ilikuwa sehemu ya Urundi.

Mwezi Aprili 1916 jeshi la Kongo ya Kibelgiji, chini ya Jenerali Charles Tombeur, lilianza kuvamia kutoka magharibi likiwa na askari wapatao 12,000. Kigali ilitekwa tarehe 6 Mei. Mwezi Juni vikosi vya Wabelgiji vilifika Biharamulo, na mwanzoni mwa Julai vilipambana na kikosi cha Kapteni Gudovius, kilichokuwa kikirudi nyuma kutoka Bukoba, mahali palipoitwa Kato, kusini-magharibi mwa Ziwa Viktoria. Gudovius alitekwa. Vita vikasogea kusini, na Tabora ikaanguka tarehe 19 Septemba 1916.

Wabelgiji waliendelea kuzishika Ngara na Biharamulo hadi mwaka 1921, walipowakabidhi Waingereza. Bugufi ikatengwa na Urundi na kubaki Tanganyika mpaka leo. Kwa hiyo kitu cha kijeshi kitakachookotwa katika wilaya hizi, iwe ni kifungo, ganda la risasi au kipande cha sanduku la chuma, chaweza kuwa cha jeshi la Kongo sawasawa na cha jeshi la Wajerumani. Lugha imekwisha kukitia chote katika kapu la Mjerumani.

Ardhi inasema nini

Mahandaki marefu ya vita huchimbwa pale majeshi yanapokaa uso kwa uso kwa muda mrefu. Ndivyo ilivyokuwa karibu na Ziwa Kivu, ambako Wajerumani na Wabelgiji walikabiliana tangu mwaka 1914 hadi 1916. Ngara na Biharamulo hazikuwa na hali hiyo: vita vilizipitia kwa majuma machache, upande mmoja ukirudi nyuma na mwingine ukiufuata. Askari wa namna hiyo huchimba mashimo mafupi ya kulalia usiku mmoja, na mvua za miaka mia moja zinatosha kuyafukia.

Saruji nayo ina hesabu yake. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kutoka relini hadi Biharamulo, kila mzigo ulihitaji kichwa cha mpagazi. Dola iliyokuwa ikihangaika kupeleka risasi na chakula isingekuwa na wapagazi wa kubeba saruji ya kujengea maghala ya siri chini ya vilima.

Aidha, ardhi ya wilaya hizi imechimbwa kwa sababu nyingine nyingi. Biharamulo ina dhahabu: mgodi wa Tulawaka ulianza uzalishaji mwaka 2005, na wachimbaji wadogo wana maduara yao. Ngara ina nikeli ya Kabanga, ambayo utafiti wake ulianza katika miaka ya 1970. Mwishoni mwa Aprili 1994 wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa takriban siku moja. Kambi ya Benaco na nyinginezo zikachimbiwa vyoo, mitaro na mashimo ya taka. Kambi za Wanyarwanda zilifungwa mwishoni mwa mwaka 1996, lakini mashimo hayakuondoka na watu.

Kisha kuna vita vya 1978 na 1979. Mapigano ya nchi kavu yalikuwa kaskazini, Kyaka na Mutukula, wakati Ngara na Biharamulo zilikuwa nyuma ya mstari wa mbele. Hata hivyo, ndege za Uganda zilipolishambulia eneo la Bukoba Oktoba 1978, hofu ya anga ilienea, na watu katika miji ya kanda ya ziwa wakachimba mahandaki karibu na nyumba na shule zao. Kwa wengi wa kizazi hicho, handaki si hadithi ya babu, bali ni shimo walilolichimba kwa mikono yao. Mtu aliyekuwa na miaka ishirini wakati huo sasa amevuka sitini na mitano. Kama hataulizwa sasa, shimo lake nalo litahesabiwa kuwa la Mjerumani.

Hazina na hasara

Wahenga walisema lisemwalo lipo. Hadithi ya dhahabu ya Mjerumani haikuzuka hewani. Mwaka 1916, serikali ya Kijerumani ilipokatiwa njia ya bahari, ilipiga sarafu zake Tabora katika karakana ya reli. Zilikuwapo za shaba nyeupe na za shaba nyekundu, na zilikuwapo za dhahabu ya Sekenke, zenye thamani ya rupia 15 na picha ya tembo, zipatazo 16,000. Lakini sarafu hizo zilipigwa ili zitumike kulipia mahitaji ya vita, si kuzikwa. Hadithi imehifadhi dhahabu na kusahau matumizi yake.

Hasara inaanza pale hadithi inaposhikishwa jembe. Anayefukua msingi wa jengo la kale akitafuta sanduku huharibu mpangilio wa udongo, ambao kwa mwanaakiolojia ndio maandishi yenyewe. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inatoa hifadhi ya moja kwa moja kwa kigezo cha umri, na kigezo hicho kinaishia karne ya 19. Vitu vya baadaye huhitaji kutangazwa rasmi. Kwa hiyo shimo la askari wa 1916 halina kinga ya umri, na hakuna atakayeomba litangazwe kama halijulikani.

Waliofichika

Jeshi la askari 12,000 halikutembea peke yake. Katika vita vyote vya Afrika Mashariki, kila upande ulitegemea wapagazi ambao idadi yao iliwazidi askari kwa mbali, na njaa na magonjwa yaliwaua wengi kuliko risasi. Wanakijiji waliokuwa kando ya njia ya majeshi walitakiwa kutoa chakula, ng'ombe na vijana. Maofisa wa pande zote mbili wametajwa kwa majina katika vitabu vya vita. Wapagazi wametajwa kwa idadi ya mizigo.

Dar es Salaam, kumbukumbu ya wapagazi wa jeshi la Waingereza imehifadhiwa na lugha: Kariakoo ni jina la kikosi chao cha uchukuzi, lililotamkwa Kiswahili hadi likawa jina la mtaa na soko. Ngara, jina la kampuni ya ujenzi wa barabara limebaki katika mji wa Benaco. Lugha, basi, ina uwezo wa kuwahifadhi wanyonge na wapita njia. Lakini kwa wapagazi wa 1916 wa Bugufi, Bushubi na Usui, istilahi iliyoenea ni handaki la Mjerumani, na ndani ya istilahi hiyo hawamo. Mwenye shimo ametajwa. Aliyebeba udongo hakutajwa.

Hitimisho

Uchunguzi wa mahandaki katika wilaya hizi unapaswa kuanza na maswali kabla ya majembe. Shimo linaitwaje kwa Kihangaza au Kisubi? Nani alilichimba, na nani alimlisha? Lilikuwapo kabla ya kambi za 1994? Je, anayesimulia "Mjerumani" anakusudia taifa, au anakusudia "zamani sana"? Maswali haya hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji wanafunzi wanaozijua lugha za huko, daftari, na subira ya kumsikiliza mzee hadi amalize.

Yawezekana wengi watarudi bila kupata njia yoyote ya chini ya ardhi. Wakirudi na jina la mpagazi mmoja, kijiji alichotoka na njia aliyopita, watakuwa wamefukua kitu ambacho hakuna jeshi lililokusudia kukificha, na ambacho kilifichika kwa sababu tu hakuna aliyeuliza.