Fosfeti ikishuka kwa mgonjwa wa figo: je, ni habari njema?

Mgonjwa anayesafishwa damu kwa mashine huonywa mara kwa mara kuhusu vyakula vyenye fosfeti nyingi. Kwa hiyo majibu ya maabara yakionyesha fosfeti imeshuka, familia hufurahi. Lakini ikishuka kupita kiasi, huenda ni ishara kwamba mgonjwa hapati chakula cha kutosha.

Fosfeti ni nini?

Ni madini yaliyomo kwenye nyama, samaki, maziwa, maharagwe, karanga na nafaka. Mwili huyatumia kujenga mifupa na kuipa misuli nguvu. Figo zenye afya hutoa ziada kwa njia ya mkojo. Figo zikishindwa kazi, ziada hubaki kwenye damu, na baada ya muda hudhoofisha mifupa na kukakamaza mishipa ya damu. Mashine huondoa sehemu tu, ndiyo maana wagonjwa wengi hupewa pia vidonge vya kuzuia fosfeti ya chakula isiingie kwenye damu.

Kwa mtu mzima mwenye afya, kiwango ni takriban milimoli 0.8 hadi 1.5 kwa lita moja ya damu. Wagonjwa wengi wa mashine huwa juu ya hapo. Aliye chini ya 0.8 kabla ya kusafishwa damu anahitaji kuchunguzwa. Kipimo huchukuliwa kabla, kwa sababu mashine hushusha kiwango kwa saa chache, kisha kikapanda tena.

Kwa nini hushuka?

- Mgonjwa hali vya kutosha, kwa kichefuchefu, huzuni, ukosefu wa fedha au hofu ya chakula. Vyakula vyenye protini ndivyo vyenye fosfeti. Anayeviacha vyote hukosa vyote viwili.
- Vidonge vya fosfeti vimezidi chakula anachokula.
- Anaharisha kwa muda mrefu.
- Amekaa siku nyingi bila kula, kisha akapewa chakula kingi kwa mara moja. Mtu wa namna hii huanzishwa kula kidogo kidogo, chini ya uangalizi wa daktari.

Mizani inaweza kudanganya

Mgonjwa wa figo anaweza kukonda huku uzito wake ukibaki palepale, kwa sababu maji yamechukua nafasi ya nyama ya mwili. Tazama mashavu, mabega na mapaja. Je, nguo zimelegea? Anachoka kuinuka kwenye kiti? Mweleze muuguzi, ili uzito anaotakiwa kubaki nao baada ya mashine upangwe upya.

Ale nini?

Kila anaposafishwa damu, mgonjwa hupoteza protini kiasi. Kwa kawaida anahitaji gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mwenye kilo 60 anahitaji gramu 60 hadi 72. Yai moja lina takriban gramu 6.

Ute mweupe wa yai una protini nzuri na fosfeti kidogo sana. Fosfeti ya maharagwe huingia mwilini kidogo kuliko ya nyama. Yaloweke, yachemshe na umwage maji. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao wana fosfeti nyingi. Cha kuepuka kwanza ni soda za kola na soseji, kwa kuwa fosfeti inayoongezwa kiwandani huingia mwilini karibu yote.

Usiamue peke yako

Usiache vidonge wala kubadilisha mlo kwa sababu ya kipimo kimoja. Muulize daktari: "Fosfeti yangu ni ngapi, na miezi iliyopita ilikuwa ngapi? Vidonge vipunguzwe? Naweza kuonana na mtaalamu wa lishe?"

Mgonjwa akilegea ghafla, akipumua kwa shida au akichanganyikiwa, apelekwe hospitali mara moja bila kusubiri zamu yake ya mashine.