Herufi Kumi na Tatu

Kabla hajawa profesa, Joe Taylor alikuwa mtoto aliyevunja dohani. Yeye na nduguye walikulia shambani New Jersey, Marekani, wakaijaza ghorofa ya tatu ya nyumba yao mitambo ya redio, mingi wameiunda kwa vifaa vya mitumba. Juu ya paa wakasimika antena. Katika pilikapilika hizo wakaikata dohani ya matofali, ikabaki sawasawa na paa! Wazazi, kwa alivyosimulia mwenyewe, hawakufurahi.

Mwaka 1974 Taylor na mwanafunzi wake Russell Hulse, kwa kutumia darubini ya redio ya Arecibo, Puerto Rico, waligundua nyota mfu inayotoa mapigo ya redio huku ikizungukana na mwenzake. Tuzo ya Nobel ikawafuata 1993. Kazi yenyewe ilikuwa nini? Kuchambua mapigo hafifu yaliyozama ndani ya kelele, na kompyuta ndiyo ilikuwa chekeche.

Basi mzee akarudi kwenye mchezo wake wa utotoni. Mwaka 2001 alitoa programu iitwayo WSJT kwa ajili ya wanaredio wa ridhaa, yaani watu wenye leseni wanaowasiliana hewani kwa mapenzi tu, bila malipo. Kwanza iliwasaidia kudunda mawimbi kwenye mikia ya vimondo, ambayo hudumu kufumba na kufumbua. Mwaka 2003 ikaja JT65, na hapo ndipo Mwezi uliposogea karibu. Wimbi likitumwa Mwezini hurudi baada ya sekunde kama mbili na nusu, limechoka kiasi kwamba zamani ulihitaji msitu wa antena na sikio lililozoea mosi.

Siri ya JT65 ni nidhamu. Saa za pande zote mbili lazima zikubaliane. Mmoja anatuma katika zamu yake ya dakika moja, mwingine ananyamaza. Ujumbe hubanwa hadi biti 72, kisha hunyambuliwa kuwa 378 kwa hesabu maalumu, ili hata nyingine zikipotea njiani zilizobaki ziweze kuzirudisha. Wewe unasikia mvumo mtupu. Kompyuta inaandika jina la mtu.

Mwaka 2017 Taylor na Steve Franke wakatoa FT8: zamu za sekunde 15, sauti nane, upana wa hezi 50 tu. Ikasambaa kama moto wa nyika. Na manung'uniko yakaanza: hii si redio tena, kompyuta zinaongea zenyewe! Mimi nawaelewa. Mtu ametumia miaka kulinoa sikio lake, leo kijana anabofya kitufe. Lakini mwenye kipande cha waya kwenye baraza la Dar es Salaam, asiye na uwanja wala pesa ya mnara, naye sasa anafika mbali. Sioni kwa nini anyimwe.

Kilichopotea ni maneno. Mawasiliano ya FT8 ni hivi: jina la kituo chako, mraba wako wa ramani (Dar ni KI93, Nairobi ni KI88), kipimo cha jinsi ulivyosikika, kisha 73, ambayo kwa wanaredio ni kwaheri. Hakuna habari za nyumbani, hakuna mvua huko imenyesha? Sisi ambao salamu tu hutumaliza dakika mbili kabla ya kufika kwenye shida yenyewe, tungepata tabu.

Nafasi ya kuandika utakalo ipo, ila ni herufi 13 tu, na nafasi kati ya maneno nayo inahesabiwa. Nimejaribu kwenye karatasi. HERI YA MWAKA inaenea barabara, haibaki hata moja. MPYA itabidi ingoje zamu irudi.